Tangi Lisilopumua

Kila gereji kati ya Busia na Malaba imewahi kuletewa gari hili. Asubuhi linawaka kwa mguso wa kwanza, linaondoka Chakol tangi likiwa limejaa, na kabla ya kufika Bungoma linaanza kugugumia. Linazima. Dereva anashuka, anafungua kifuniko cha mafuta, hewa inalia fuuu, anapiga ufunguo, linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Gerejini hukumu inatoka upesi: "Boss, hiyo ni pampu." Pampu inanunuliwa na kufungwa. Wiki haijaisha gari limezima tena, na sasa anayelaumiwa ni muuza spea kwa kuuza pampu bandia.

Dai langu ni kwamba magari mengi ya namna hii hayana shida ya mafuta. Shida yake ni hewa. Na aghalabu hayakuja nayo kutoka Japani. Yaliipatia hapa, siku mtu alipoamua kuongeza tangi, kulihamisha, kubadilisha injini, au kung'oa kile kimkebe cheusi ambacho hakuna aliyejua kazi yake.

Kwa nini hapa? Chakol iko Teso Kusini, kati ya miji miwili ya mpaka, na mpaka wenye bei mbili za petroli huzaa matangi makubwa. Januari 2022 madereva wa malori waligoma kuvuka kwa sababu ya ada ya kupimwa Covid upande wa Uganda. Malori ya mafuta yakakwama, na vituo kadhaa Uganda vikauza lita ya petroli kwa zaidi ya shilingi 10,000 za huko. Wakati huohuo bei ya juu iliyowekwa na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kwa Nairobi ilikuwa shilingi 129.72 za Kenya, ikiwa imeshikiliwa na ruzuku ya serikali. Ukibadilisha fedha, thamani ya lita moja ilizidi maradufu kwa kuvuka tu mpaka. Septemba 2023, bei ya Nairobi ilipogonga 211.64, faida hiyo ilikuwa imeyeyuka. Matangi yaliyochomelewa yalibaki chini ya magari.

Magendo si jambo geni kwenye mpaka huu. Wazee wanakumbuka kahawa ya Uganda ilivyomiminika kwenye soko la mpakani la Chepkube mwaka 1976 na 1977. Lakini si kila tangi la ziada ni la magendo. Kuna wa pikapu anayetaka kwenda Nakuru na kurudi bila kuingia sheli, kuna wa lori anayejaza pale penye nafuu, kuna ambaye tangi lake la asili lilioza akatengenezewa jingine la bati kwa sababu la kiwandani lilikuwa ghali. Nia zao ni tofauti, ila wote waliagiza kitu kimoja kwa fundi: nafasi ya lita kadhaa. Hakuna aliyeagiza njia ya hewa.

Kwa kila lita ya mafuta inayotoka, lita moja ya hewa lazima iingie. Chukua tangi la lita 50 lililojazwa hadi ikabaki nafasi ya lita 5 tu, kisha uzibe kila tundu. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 likimaliza kilomita 50, zile lita 5 za hewa zimetanuka kujaza lita 10, na shinikizo lake limeshuka kwa nusu. Mvuke wa petroli hufidia sehemu ya pengo hilo. Dizeli, ambayo karibu haitoi mvuke, haifidii kitu, kwa hiyo anayedhani kwamba tangi la dizeli halihitaji kupumua amekosea kabisa. Hesabu hiyo pia inaeleza jambo ambalo madereva huliona ajabu: anayeweka mafuta ya shilingi mia tano mia tano huenda asiwahi kuuona ugonjwa huu, maana tangi lake lina hewa tele ya kutanuka, ilhali aliyelijaza kwa safari anauona kabla ya Bungoma.

Pampu iliyo ndani ya tangi inapovuta kwenye ombwe hilo, petroli iliyo mdomoni mwake huchemka ikawa mapovu. Pampu inaanza kulia, inasukuma mapovu badala ya mafuta, na ikiendelea hivyo inachakaa kweli. Hapo fundi aliyesema pampu imekufa anapata ushahidi wake. Hakuuliza imekufa kwa nini.

Upande wa pili ni mvuke unaotaka kutoka. Petroli iliyokaa kwenye hifadhi ya chini ya ardhi huingia garini ikiwa ya ubaridi, kisha gari husimama juani kwenye foleni ya Malaba au hurudishiwa mafuta ya moto kutoka kwenye injini. Kila nyuzi 10 za joto huongeza ujazo wa petroli kwa takriban asilimia 1, hivyo lita 50 huongezeka nusu lita. Tangi lililojazwa mpaka shingoni halina pa kuiweka. Zito zaidi ni mvuke wenyewe: joto likipanda kutoka nyuzi 25 hadi 40, shinikizo ndani ya tangi lililozibwa linaweza kupanda kwa kilopaskali 20 na zaidi.

Halafu kuna mlima. Chakol iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa hugandamiza kwa karibu kilopaskali 88. Barabara ile ile ya Malaba ikishapita Webuye na Eldoret hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako hewa imebaki na kilopaskali 73 hivi. Tangi lililozibwa Chakol likifika huko lina kilopaskali 15 za ziada ndani yake hata kama joto halijabadilika. Ukiwa na tangi ambalo uso wake wa juu una sentimita 80 kwa 60, nguvu inayosukuma bati hilo ni sawa na uzito wa zaidi ya kilo 700. Lizibe Timboroa, ushuke nalo Malaba, na nguvu hiyo hiyo italikandamiza kutoka nje, juu ya ombwe linaloachwa na mafuta yaliyotumika njiani. Nimeona matangi ya bati yaliyokunjamana pande zote bila alama ya kugongwa, na wenyewe wakiapa kwamba waliuziwa bati jepesi.

Kwa sababu hiyo, mahali gari linapozima ni taarifa kubwa kuliko chochote ambacho mashine ya kusomea hitilafu itakuambia. Likizima kwenye tambarare au linaposhuka, likapona baada ya kifuniko kufunguliwa, hewa haiingii. Likinuka petroli na kutoa majimaji shingoni linapopanda Timboroa, mvuke hauna njia ya kutoka, au njia imejaa mafuta. Likizima baada ya kusimama juani na kufungua kifuniko hakusaidii, basi tafuta mafuta yanayochemka kwenye bomba karibu na injini, jambo linalotokea kwa urahisi zaidi huko juu kwa sababu kila kimiminika huchemka mapema hewa inapokuwa nyepesi. Likizima popote, wakati wowote, tangi likiwa nusu au limejaa, sasa ndipo pampu, chujio au nyaya zina haki ya kushukiwa. Mteja aulizwe hayo kabla ya boneti kufunguliwa.

Watengenezaji wa magari walilitatua jambo hili zamani, ingawa kilichowasukuma kilikuwa moshi wa mijini. California ilidai mvuke wa tangi udhibitiwe kuanzia magari ya mwaka 1970, na Marekani yote ikafuata 1971. Kabla ya hapo tangi lilipumua moja kwa moja hadi nje. Tangu hapo mvuke hupelekwa kwenye mkebe wenye makaa maalumu yanayounasa. Injini ikishapata moto, valvu hufunguka na injini huunyonya mvuke huo na kuuchoma. Hewa safi huingia kupitia mkebe huohuo. Juu ya tangi kuna valvu inayofunga gari likipinduka, na kifuniko nacho kina valvu ndogo ya dharura, ambayo kwa kawaida huingiza hewa ombwe likizidi. Kwa hiyo mkebe ni pua na mdomo wa tangi kwa pamoja. Fundi anayeung'oa ili kupata nafasi ya betri kubwa, kisha akaziba mpira wake kwa boliti na klipu, amelinyonga tangi. Amebakiza kifuniko tu, na vifuniko vingi vya bei rahisi vinavyouzwa mitaani havina valvu yoyote ndani.

Anayedhani ninakuza jambo dogo aangalie yaliyowakuta Mazda. Mwaka 2011 kampuni hiyo iliita magari ya Mazda6 zaidi ya 50,000 yarudishwe kurekebishwa Marekani kwa sababu ya buibui. Buibui wa manjano, anayevutwa na harufu ya petroli, alikuwa akisuka utando ndani ya mpira wa kupumulia wa tangi. Ombwe liliweza kujijenga hadi tangi la plastiki likapata ufa na kuvujisha mafuta. Mwaka 2014 kampuni ikaita mengine zaidi ya 40,000 kwa sababu hiyohiyo. Kama utando wa buibui unatosha, udongo wa nyigu unatosha zaidi. Mpira ulioachwa wazi chini ya gari lililoegeshwa majuma kadhaa Teso ni nyumba nzuri ya nyigu, na tope la barabara za ndani humalizia kazi iliyobaki.

Sasa kwenye mabadiliko yenyewe. Linaloniudhi kuliko yote ni matangi mawili yaliyounganishwa kwa bomba moja la chini. Fundi anafikiri kwa haki kwamba mafuta yatajisawazisha, kwa kuwa ndivyo kimiminika kinavyofanya. Kinafanya hivyo pale tu hewa ya juu ya matangi yote mawili ina shinikizo moja. Kama tangi la kwanza lina mpira wa kupumulia na la pili halina, la pili linafungia hewa yake juu na mafuta yanagoma kuingia. Muuzaji wa sheli anajaza, la kwanza linafurika shingoni, na mwenye gari anashangaa alilipia tangi la lita 60 linalopokea 15. Safarini mambo yanageuka: la kwanza linashuka, la pili linashikilia mafuta yake kwa ombwe, kisha linayaachia kwa mkupuo gari likiyumba. Na kama injini inarudisha mafuta ya ziada, ikivuta kutoka tangi moja na kurudishia jingine, bomba la kuunganisha likiwa jembamba, lile linalorudishiwa litamwagika huku jingine likikauka. Dereva anaona geji inaonyesha nusu na injini inazima kwa njaa. Dawa yake ni mpira wa juu unaounganisha vilele vya matangi yote mawili, na bomba la chini lisilobana. Ni kazi ya mchana mmoja.

Injini iliyobadilishwa huleta balaa lake kimyakimya. Gari lililozaliwa na kabureta hutumia mafuta kidogo kidogo. Ukiliwekea injini ya sindano za umeme yenye mpira wa kurudishia, sehemu kubwa ya mafuta yanayosukumwa hurudi tangini yakiwa na joto la injini, hasa gari linapounguruma bila kwenda. Tangi na mipira ya zamani havikupimwa kwa mvuke huo. Dalili ni harufu inayozidi kadiri tangi linavyokaribia kuwa tupu, kwa kuwa mafuta machache hupata moto upesi.

Kuhusu tangi lililofichwa ndani ya buti au chini ya kiti, sitasema mengi. Anayeliweka anajua kwa nini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, hautoki dirishani, hujikusanya sakafuni. Ukifikia kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, cheche moja inatosha. Tangi la ndani lisilo na mpira wa kupumulia hadi nje ya gari linapumulia abiria.

Magari ya mashindano yanaonyesha kwamba kubadilisha si kosa. Tangu Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, mabingwa wake wametoboa, wamekata na kuchomelea magari kuliko sisi sote. Siku hizi kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, zinadai mfuko laini wa mafuta wenye sifongo ndani, uliopewa nambari FT3, ambao muda wake ni miaka 5, na mpira wa kupumulia wenye valvu inayofunga gari likipinduka. Wanaanza na hewa, kisha ndipo wanauliza lita ngapi.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji fedha nyingi. Sikiliza kwanza: gari likishatembea, legeza kifuniko polepole, weka kiganja. Hewa ikinyonywa kuelekea ndani kwa nguvu, njia ya kuingilia imeziba. Ikitoka nje kwa nguvu, njia ya kutokea imeziba. Mnong'ono mdogo wa kutoka ni wa kawaida kwa mifumo mingi ya kiwandani. Halafu mwulize mwenye gari kuhusu sheli. Bomba la kujazia hujikatia mafuta yanapofika kwenye kitundu kilicho ncha yake, kwa hiyo likikatakata kila baada ya lita moja au mbili wakati tangi ni tupu, hewa ya ndani haipati pa kutokea na mafuta yanarudi shingoni. Na anayemwambia mhudumu "ongeza, ongeza" baada ya kukata ndiye anayeujaza mkebe petroli mbichi hadi makaa yake yanakufa.

Kwa uhakika zaidi, tengeneza kipimo. Mpira mwangavu uliokunjwa kama herufi U, maji nusu, ncha moja imeunganishwa na tangi kupitia kifuniko cha majaribio, nyingine imeachwa wazi. Tofauti ya sentimita 10 kati ya maji ya pande mbili ni takriban kilopaskali 1. Acha gari juani saa moja, kisha uliendeshe, na utaona kwa macho kile ambacho fundi wa pampu alikuwa akikisia. Kamwe usitumie kompresa ya matairi kulipima tangi. Ina shinikizo la mara mamia ya linalotakiwa, na tangi la plastiki halina utani. Mipira ya kupumulia ivuliwe pande zote mbili kwanza, ndipo ipulizwe kwa mdomo.

Mashine ya kusomea hitilafu husaidia magari machache. Yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hujipima yenyewe na kutoa P0442 kwa uvujaji mdogo au P0455 kwa mkubwa. Mengi ya yale tunayonunua, yaliyouzwa kwanza Japani kwenyewe, hayana kitambuzi cha shinikizo la tangi. Taa ya injini itakaa kimya huku tangi likikunjamana.

Kuhusu dawa, ile inayopendwa ni ya kutoboa kifuniko kwa msumari. Inatibu ombwe, ni kweli, na gari litafika Eldoret. Pia inamwaga petroli kwenye kona, inaingiza vumbi na maji ya mvua, na gari likilala ubavu inageuka mfereji. Kulegeza kifuniko ni njia ya kupima ugonjwa. Haifai kuwa tiba yake. Njia ya hewa iliyokaa sawa huanzia kilele cha tangi, hupanda juu ya mafuta kabla ya kushuka, ina valvu ya kupinduka, haina shimo linalotuamisha petroli, na ncha yake iko mbali na ekzosi, imefunikwa chujio dogo linalomzuia nyigu. Kama mkebe wa asili upo, ubaki. Kama umekufa, wa gari jingine kutoka kwa wauza spea za mtumba utafanya kazi, mradi mpira wa tangi, wa injini na wa hewa safi isichanganywe.

Kuchomelea ndiko kunakoua. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lina mvuke na hewa katika kipimo kinachowaka. Kulisuuza kwa sabuni na kulianika jua hakutoshi. Lijazwe maji hadi ibaki nafasi ndogo tu pale panapochomelewa, na nafasi hiyo iwe wazi. Wakazi wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa nguvu ya mvuke: Julai 2021 lori la mafuta lilipoanguka Malanga, Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, watu wasiopungua 13 walikufa mafuta yalipolipuka wakiwa wanachota. Mwaka 2009 moto kama huo wa lori la mafuta huko Sachang'wan uliua zaidi ya 100. Pale mvuke ulikuwa wa lori zima, lakini lita moja ya petroli iliyogeuka mvuke ndani ya bati lililozibwa inamtosha fundi mmoja.

Kazi ikishakamilika, isipokewe uani. Jaza tangi, acha kipimo cha maji kikiwa kimefungwa, na uendeshe hadi Webuye na kurudi. Mwenye nafasi afike Eldoret na kushuka. Kwenye tangi lenye mpira wa wazi, maji hayapaswi kusogea zaidi ya sentimita chache, kupanda wala kushuka. Kwenye mfumo wenye valvu za kiwandani yanaweza kusogea zaidi kisha yakatulia valvu zinapofunguka. Yakiendelea kupanda bila kutulia, gari lirudi kwa fundi kabla hajalipwa salio.